Jicho Lilipoongezewa Makali: Kisa cha Ramani ya Misitu ya Chuo Kikuu cha Maryland

Mwanzoni mwa Julai 2020, jarida la Nature lilichapisha makala ya watafiti wa Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Tume ya Ulaya, kilichopo Ispra nchini Italia. Makala hiyo ilieleza kwamba eneo la misitu lililovunwa barani Ulaya katika miaka ya 2016 hadi 2018 lilizidi lile la miaka ya 2011 hadi 2015 kwa asilimia 49, kwamba biomasi iliyopotea, yaani uzito wa miti, ilizidi kwa asilimia 69, na kwamba ukubwa wa wastani wa kila kipande kilichokatwa ulikuwa umepanda kwa asilimia 34. Upotevu mkubwa ulionekana katika Rasi ya Iberia (Hispania na Ureno), nchi za Nordiki za kaskazini mwa Ulaya, kama Uswidi na Ufini, na nchi za Baltiki. Kwa bara lililokuwa likijifunga kusawazisha hewa ya ukaa inayotolewa na inayonyonywa ifikapo mwaka 2050, na lililotegemea misitu yake kufanya sehemu ya kazi hiyo, takwimu hizo hazikuwa habari ndogo.

Mwaka 2022, watafiti wa nchi za Nordiki walichapisha katika jarida la Annals of Forest Science uchambuzi uliotumia vipimo zaidi ya 120,000 vya ardhini, vilivyokusanywa na tathmini za taifa za misitu. Walionyesha kwamba nchini Ufini na Uswidi kitu kilichopanda ghafla baada ya mwaka 2015 hakikuwa eneo lililovunwa, bali uwezo wa ramani ya setilaiti kuyaona maeneo yaliyovunwa. Wavunaji hawakuwa wamevamia msitu kwa kishindo. Jicho lililokuwa likiwatazama ndilo lililoongezewa makali.

Jicho hilo lilitengenezwa chuo kikuu. Ni ramani ya mabadiliko ya misitu duniani inayoandaliwa na maabara ya Global Land Analysis and Discovery ya Chuo Kikuu cha Maryland, mjini College Park, Marekani, chini ya Matthew Hansen na wenzake. Nimekifuatilia kisa hiki hatua kwa hatua kwa sababu hakina mwongo wala mzembe, na kwa hiyo hakiponyeki kwa kumlaumu mtu mmoja. Ramani ni nzuri, na nitaeleza kwa nini nasema hivyo. Watafiti wa Ispra waliuliza swali la halali kabisa. Kilichokwenda kombo ni kwamba takwimu ilisafiri peke yake, na historia ya chombo kilichoizaa ikabaki nyuma.

Ramani ilivyopatikana

Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu Julai 1972, lakini kwa muda mrefu hazina hiyo ilikuwa ghali mno kwa mtafiti wa chuo. Picha moja ya Landsat 7, inayofunika eneo la takriban kilomita 185 kwa 180, iliuzwa kwa dola 600 hivi, na hata mwaka 2001, ambao mauzo yake yalikuwa makubwa kuliko ya miaka mingine, ziliuzwa picha 25,000 tu au zaidi kidogo. Mtu aliyetaka kuchunguza nchi nzima alinunua picha chache, akachagua zile zisizo na mawingu, na akakadiria yaliyobaki. Mwaka 2008 Marekani iliamua kuitoa hazina yote bure. Ni uamuzi wa kiutawala, usio na hesabu yoyote ya kisayansi ndani yake, lakini naamini bila huo kisa hiki kisingekuwapo, kwa kuwa hakuna maabara ya chuo ambayo ingeweza kulipia kilichofuata.

Kilichofuata kilichapishwa katika jarida la Science tarehe 15 Novemba 2013. Hansen na wenzake walichukua picha 654,178 za Landsat 7 zilizopigwa wakati wa msimu wa kuota mimea, wakazichambua kwa Google Earth Engine, mitambo ya kampuni ya Google ya kuchambua picha za setilaiti, na wakatoa ramani ya dunia nzima inayoonyesha, kwa kila kipande cha mita 30 kwa 30, kama miti ilikuwapo mwaka 2000, kama ilipotea kufikia mwaka 2012, na kama ilipotea, ilipotea mwaka gani. Jumla ya upotevu ilikuwa kilomita za mraba milioni 2.3, na eneo jipya lililoota miti lilikuwa kilomita za mraba milioni 0.8. Kabla ya hapo, aliyetaka kulinganisha nchi na nchi alitegemea taarifa ambazo kila serikali iliandaa kwa tafsiri yake ya neno msitu na kwa bidii yake ya kuhesabu. Sasa kulikuwa na kipimo kimoja kwa wote. Kilionyesha, kwa mfano, kwamba Brazili ilikuwa imepunguza upotevu wake wa kila mwaka huku Indonesia ikiongeza wake, na kilionyesha hivyo bila kusubiri ruhusa ya yeyote.

Ukosoaji ulikuja mapema, na mwingine ulikuwa wa haki. Mwaka 2014, jarida hilohilo lilichapisha hoja ya watafiti waliolalamika kwamba ramani haitofautishi msitu wa asili na shamba la miti iliyopandwa, kwa sababu mimea yote yenye urefu unaozidi mita 5 huhesabiwa kuwa miti. Ni kweli, na waandaaji hawakuwahi kuficha. Kwa maana yao, upotevu ni kuondoka kwa miti yote katika pikseli, yaani kile kipande cha mita 30 kwa 30, kwa shoka, moto, upepo au wadudu, na haimaanishi kwamba msitu umegeuzwa kuwa kitu kingine. Kipande kilichokatwa Uswidi na kupandwa tena miche mwaka unaofuata huhesabiwa upotevu sawasawa na kipande cha Amazoni kilichogeuzwa malisho. Msomaji ashike jambo hilo, kwa maana Ulaya karibu upotevu wote ni wa aina ya kwanza.

Ndani ya pikseli moja

Tuitazame pikseli moja kwa karibu. Ni mraba wenye eneo la mita za mraba 900, unaoweza kubeba makumi ya misonobari iliyokomaa. Setilaiti haioni misonobari. Inachopokea ni kiasi cha mwanga wa jua ulioakisiwa na mraba mzima katika mikanda kadhaa ya rangi, mingine ikiwa nje ya uwezo wa jicho la binadamu. Majani mabichi hunywa mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, kwa hiyo msitu ni mweusi katika mkanda huo. Muundo wa ndani wa jani hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, na maji yaliyomo ndani yake hunywa infraredi ya mawimbi mafupi. Mashine ya kuvuna ikipita na kuondoa kila mti, hunyanyuka mwanga mwekundu, hunyanyuka infraredi ya mawimbi mafupi, na mara nyingi infraredi ya karibu hushuka. Mabadiliko hayo ni makubwa, na algoriti, yaani utaratibu wa hesabu wa kompyuta, iliyofundishwa kwa mifano mingi huyatambua bila shida.

Shida huanza pale ambapo si kila mti umeondolewa. Katika misitu ya Nordiki, kabla ya kufyeka kwa mwisho, mwenye msitu hufanya upunguziaji mara moja au zaidi: huondoa sehemu ya miti ili iliyobaki ipate nafasi na mwanga. Vilele vya miti iliyobaki bado hufunika ardhi kwa kiasi kikubwa, na mwanga unaorudi angani hubadilika kidogo tu. Kuna pia ukingo wa eneo lililofyekwa, ambapo pikseli moja imekatwa nusu na nusu ina miti. Kuna kipande kidogo cha nusu hekta ambacho hakifikii hata pikseli 6. Haya yote ni uvunaji halisi, na yote yako mpakani mwa kinachoonekana na kisichoonekana. Jicho likiwa butu kidogo, hayamo kwenye ramani. Likinolewa kidogo, yanaingia, na hakuna mti wa ziada uliokatwa.

Hapo ndipo kiini cha kisa kilipo. Katika msitu unaovunwa kwa vipande vidogo vidogo, sehemu kubwa ya uvunaji iko mpakani huko.

Jicho lilivyobadilika

Tarehe 31 Mei 2003, Landsat 7 ilipatwa na hitilafu ambayo haikutengenezeka. Setilaiti hiyo hupiga picha kwa kioo kinachofagia huku na huko kukata njia ya safari yake, na ilikuwa na kifaa cha kurekebisha mwendo wa mbele ili mistari inayofagiliwa ikae sambamba. Kifaa hicho kilikufa. Tangu siku hiyo, mistari ilienda kwa mshazari, na kila picha ikakosa takriban asilimia 22 ya eneo lake: katikati kuna ukanda mzima, lakini kadiri unavyokaribia kingo, picha inakatwa na milia mieusi inayozidi kupanuka. Ukiitazama moja ya picha hizo unaona nchi kana kwamba iko nyuma ya ubao wenye nyufa.

Picha nyingi zikipatikana, milia ya siku moja huzibwa na picha ya siku nyingine. Lakini Landsat 7 hurudi mahali palepale kila baada ya siku 16, na kaskazini mwa Ulaya majira yanayofaa kupiga picha ni mafupi, kwani theluji na giza huchukua sehemu kubwa ya mwaka na mawingu hula sehemu ya kilichobaki. Novemba 2011, Landsat 5, iliyokuwa ikifanya kazi tangu 1984, ilisimamisha chombo chake kikuu. Mwaka 2012 kwa hiyo ulibaki na jicho moja, nalo lenye milia. Na mwaka 2012 umo ndani ya kipindi cha 2011 hadi 2015, yaani kipindi ambacho makala ya 2020 ilikifanya kuwa msingi wa kulinganisha. Mtu aliyepima miaka iliyofuata kwa msingi huo alianza na kipimo ambacho sehemu yake ilikuwa na uoni hafifu.

Kisha tarehe 11 Februari 2013 ikarushwa Landsat 8. Haikuwa na kioo cha kufagia kabisa. Ilibeba safu ndefu ya maelfu ya vihisi vinavyotazama upana wote wa njia kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kihisi kina muda mrefu zaidi wa kukusanya mwanga wa kila kipande cha ardhi. Landsat 7 ilirekodi mwanga wa kila pikseli kwa ngazi 256. Landsat 8 iliurekodi kwa ngazi 4,096. Tofauti ndogo za kivuli na mwanga, zile zilizokuwa zikizama ndani ya ngazi moja, sasa zilikuwa na ngazi zake. Zaidi ya hapo, setilaiti hizo mbili ziliwekwa zikipishana ili mahali pamoja paonekane kila baada ya siku 8. Picha zikawa nyingi zaidi, safi zaidi na nzima zaidi.

Maabara ya Maryland ilifanya kile ambacho maabara yoyote makini ingefanya: ilizitumia. Toleo la kwanza lilitegemea Landsat 7 peke yake. Matoleo yaliyofuata yaliingiza pia Landsat 5 na Landsat 8, na njia ya uchambuzi ikarekebishwa kwa miaka ya kuanzia 2011 na kuendelea. Ubora wa ramani ya kila mwaka mpya ulipanda. Hata hivyo miaka ya nyuma haikuweza kupandishwa kwa kiwango hichohicho, kwa sababu huwezi kurudi mwaka 2012 ukapige picha ambazo hazikupigwa.

Asilimia zinazozaliwa bila mti kukatwa

Ili kuona nguvu ya jambo hili, nitumie mfano wa kubuni wenye namba rahisi. Chukua nchi ambayo kila mwaka huvuna vipande 1,000 vya msitu, mwaka nenda mwaka rudi, bila kuongeza wala kupunguza. Ramani ya miaka ya mwanzo inanasa vipande 600 kati ya hivyo. Setilaiti mpya inakuja, algoriti inaboreshwa, na ramani ya miaka ya baadaye inanasa 850. Anayehesabu pikseli atatangaza kwamba uvunaji umepanda kwa asilimia 42 hivi. Hesabu yake haina kosa hata moja, na kila kipande alichokihesabu kimekatwa kweli, lakini katika nchi hiyo hakuna kilichobadilika.

Wapo waliosema kwamba ramani yenye usahihi wa jumla unaozidi asilimia 90 haiwezi kuzaa kosa kubwa namna hiyo. Hoja hiyo inasikika vizuri hadi uiweke kwenye namba. Tuseme msitu una pikseli 1,000,000, na ramani inasema 10,000 zimekatwa na 990,000 ziko salama. Tunakwenda kukagua pikseli 500 zilizochaguliwa kwa nasibu katika kila kundi. Kati ya 500 za kundi lililokatwa, tunakuta 450 zimekatwa kweli. Hiyo ni asilimia 90, na inatupa 9,000. Kati ya 500 za kundi lililo salama, tunakuta 5 tu ambazo kwa kweli zimekatwa na ramani ikazikosa. Ni asilimia 1, na wengi wangeipuuza. Lakini asilimia 1 ya 990,000 ni 9,900. Eneo halisi lililokatwa linakadiriwa kuwa pikseli 18,900, karibu mara mbili ya lile linaloonekana kwenye ramani. Na kwa kuwa makadirio hayo yametokana na pikseli 5 tu zilizokosewa, shaka yake ni pana: jibu linaweza kuwa popote kuanzia takriban 10,000 hadi 27,500.

Kwa hiyo usahihi wa jumla hausemi lolote kuhusu eneo la kitu adimu. Uvunaji wa mwaka mmoja ni kitu adimu, kwani hugusa sehemu ndogo sana ya msitu, na makosa madogo ndani ya sehemu kubwa isiyoguswa huufunika. Njia ya kutoka imejulikana kwa muda mrefu miongoni mwa wataalamu wa uhisi kutoka mbali, yaani upimaji wa dunia kwa picha za angani: ramani itumike kuligawa eneo katika matabaka, sampuli za nasibu zichukuliwe katika kila tabaka, na makadirio ya eneo yatoke kwenye sampuli pamoja na kiwango cha shaka yake. Ramani hapo inaelekeza macho mahali pa kutazama, na sampuli ndiyo inayohesabu.

Hata ile asilimia 34 ya kupanda kwa ukubwa wa vipande, ambayo kwangu mwanzoni ilionekana kuwa ushahidi unaojitegemea, haijitegemei. Eneo moja lililofyekwa likikatizwa na mlia wa Landsat 7 linaweza kuonekana kama vipande viwili vidogo, na kingo zake zenye pikseli za nusu kwa nusu huachwa nje. Jicho likiwa kali, vipande viwili huungana na kingo hujazwa. Ukubwa wa wastani hupanda, na chanzo ni kilekile.

Onyo lilikuwapo

Hili ndilo eneo la kisa linaloniuma zaidi. Maabara ya Maryland ilikuwa imeandika, katika maelezo yanayoambatana na matoleo mapya ya data, kwamba miaka ya baadaye ina ugunduzi bora wa upotevu, kwamba mchanganyiko wa toleo la kwanza na data mpya utumike kwa uangalifu, na kwamba makadirio rasmi ya eneo yasifanywe kwa kuhesabu pikseli za ramani. Maelezo hayo hayakufichwa. Yalikuwa pale ambapo mtu hupakua data.

Lakini mpangilio wa kazi zetu za kisayansi huipa ramani mbawa na kuyaacha maelezo yakitembea kwa miguu. Ramani iko tayari ndani ya mtambo wa Google Earth Engine. Mtafiti anaandika mistari michache ya programu na kupata jumla ya kila nchi kwa kila mwaka kabla chai yake haijapoa. Maelezo ya tahadhari hayamo ndani ya mistari hiyo. Haijalishi mtafiti ni hodari kiasi gani: namba inayopatikana kirahisi huonekana kama kipimo, ilhali ni mavuno ya mlolongo mrefu wa vioo, vihisi, mawingu, mafunzo ya algoriti na maamuzi ya watu.

Ni haki pia kusema kwamba watafiti wa Ispra hawakuhesabu pikseli kijuujuu. Walijaribu kuondoa maeneo yaliyoungua na yaliyoangushwa na dhoruba kubwa, na swali lao lilikuwa na msingi: soko la mbao na nishati ya kuni lilikuwa limekua kweli, na takwimu rasmi za Ufini zilionyesha kwamba uvunaji wa mwaka 2018 ulikuwa mkubwa kuliko wa miaka yote iliyotangulia. Uvunaji ulikuwa ukipanda. Kilichopingwa ni mruko, yaani ule ukuta wa ghafla baada ya 2015 uliobeba kichwa cha habari.

Upinzani rasmi ulitokea Aprili 2021 katika Nature ileile, ukiandikwa na kundi la wanasayansi wa misitu kutoka nchi mbalimbali za Ulaya. Hoja yao ya kwanza ilikuwa hiyo ya jicho. Ya pili ilihusu vifo vya miti visivyotokana na mvunaji: dhoruba ya mwishoni mwa Oktoba 2018 iliyolaza misitu ya milimani kaskazini-mashariki mwa Italia, na mashambulizi ya mbawakavu wa magome waliostawi katika ukame ulioikumba Ulaya ya kati kuanzia mwaka huo. Mti uliouawa na mbawakavu huondolewa haraka ili wadudu wasienee, na setilaiti haitofautishi shoka la uokoaji na shoka la biashara. Waandishi wa makala ya kwanza walipewa nafasi ya kujibu na walijibu. Mjadala ulikuwa mkali, tena uliendeshwa wakati Tume ya Ulaya ikiandaa mkakati wake mpya wa misitu, uliotolewa Julai 2021, kwa hiyo kila upande ulishukiwa kutetea zaidi ya takwimu. Mimi nauona ukali huo kuwa hasara, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la kupimika.

Watu wenye utepe wa kupimia

Lilipimwa, na waliolipima walitumia chombo cha zamani kuliko setilaiti yoyote. Tathmini ya taifa ya misitu ya Norwe ilianza mwaka 1919, ya Ufini mwaka 1921, ya Uswidi mwaka 1923. Ni kazi ya kwenda msituni. Timu hufika kwenye ploti, yaani kipande kidogo cha msitu cha kupimia, iliyochaguliwa kwa utaratibu wa kitakwimu, hutafuta alama iliyoachwa na waliotangulia, hupima unene wa mashina katika urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, huandika spishi, na huandika kama eneo limefyekwa, limepunguziwa au halijaguswa tangu ziara iliyopita. Kwenye ploti za kudumu hurudi baada ya miaka michache na kuanza upya. Hakuna wingu linalozuia utepe.

Watafiti wa Nordiki walizilaza ploti hizo juu ya ramani ya Maryland na kuuliza swali moja kwa kila mwaka: kati ya mahali ambapo watu wetu walishuhudia kuwa msitu umevunwa, ni pangapi ambapo ramani iliona? Hawakuwa na haja ya kuikubali wala kuikataa ramani. Waliipima yenyewe. Jibu likawa lile nililolitaja mwanzoni: sehemu iliyonaswa ilipanda ghafla baada ya 2015, huku eneo lililovunwa kwa mujibu wa ploti likikosa mruko wowote unaofanana na huo.

Nadhani wengi walikisoma kisa hiki kama ushindi wa ardhini dhidi ya angani, na sikubaliani nao. Ploti haziwezi kusema kilichotokea katika bonde fulani mwaka jana, kwa kuwa ziko mbali moja na nyingine na hurudiwa baada ya miaka, ramani inaweza. Ploti za Ufini haziwezi kulinganishwa kirahisi na za nchi nyingine zenye kanuni tofauti. Ramani inaweza, ilimradi makali yake yapimwe kila nchi na kila mwaka. Tena zipo nchi nyingi zenye misitu mikubwa ambazo hazina mfululizo wa miaka mia wa watu wenye utepe, na kwa hizo ramani ya chuo kikuu ni mmoja wa mashahidi wachache wanaopatikana. Huko kosa la aina hii likitokea, haliwezi kugunduliwa kwa njia iliyotumika Nordiki. Linaweza kugunduliwa kwa sampuli za kutazamwa kwa jicho la mtaalamu kwenye picha kali zaidi, kazi ya kuchosha inayolipwa kidogo na isiyopata jalada la jarida, lakini inayofanyika.

Kama ningepewa nafasi ya kurekebisha jambo moja tu, ningeanzia kwenye faili lenyewe la data. Kila pikseli ya ramani ibebe, pamoja na mwaka wa upotevu, idadi ya picha safi zilizopatikana mahali hapo mwaka huo na setilaiti zilizozipiga, ili programu yoyote inayojumlisha miaka ikutane na tofauti hiyo kabla haijatoa asilimia. Gharama yake ni nafasi ya kuhifadhi.

Jambo hilo haliwezi kungoja sana. Tarehe 27 Septemba 2021 ilirushwa Landsat 9, inayorekodi mwanga kwa ngazi 16,384, mara nne ya Landsat 8. Mwaka 2022, Landsat 7 iliondolewa kwenye mzunguko wake wa kawaida, na Landsat 9 ikachukua nafasi yake. Pikseli zenye makali mapya tayari zinaingia kwenye hazina ileile, zikipangwa kwenye mstari mmoja na zile za mwaka 2012.